Mafundo Yasiyokuwa Yake

Mtaani kwetu kitu kikivunjika hakitupwi. Anaitwa baba yangu.

Nasema hivyo kwa fahari na kwa hasira kidogo, maana mimi ndiye ninayeishi naye, na mvungu wa kitanda changu ndio ghala lake la tyubu. Tyubu za baiskeli, za pikipiki, za malori, zote zimekatwa vipande vyembamba na kuviringishwa. Nguo zangu zinanuka gereji. Wenzake wana saruji, wana misumari, wana mashine za kuchomelea. Yeye ana kisu, koleo na mpira, basi, na ndiyo maana wanamwita Fundi Mpira. Benchi la bombani lilipovunjika mguu alilifungia mguu wa kitanda. Bomba lenyewe koki ilikwisha kufa siku nyingi. Linafunguliwa kwa mpini wa kijiko uliokazwa kwa mpira, na hakuna mtoto wa hapa asiyejua kuuzungusha. Mimi ni msusi, nafanyia kazi barazani, na kiti cha wateja wangu ni siti ya mbele ya gari dogo aliyoisimika juu ya rimu mbili. Wateja wakishasukwa hawataki kuinuka, inabidi niwafukuze.

Bustani nayo ni yake. Ng'ambo ya barabara kuna ukuta mrefu wa ghala lililofungwa zamani, na pale chini watu walikuwa wanatupa taka, wanaume wasio na haya wanajisaidia mchana kweupe. Baba alichoshwa na ile harufu. Akakata madumu ubavuni, akayatundika ukutani kwa mpira, akatia udongo, akapanda mchicha. Chini akapanga matairi, sinki lenye ufa, friji iliyolazwa chali bila mlango, na toroli lisilo na gurudumu. Mtu akija na shida zake akakuta vitunguu vinamtazama, anaona aibu, anaendelea na safari. Siku hizi mtaa mzima unachuma pale. Hatukuomba ruhusa, na wa kuombwa hatumjui.

Kisha kiharusi kikampiga. Aliamka asubuhi mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelala kitandani kama si wake. Mdomo ulirudi mahali pake upesi, na ulimi nao ukarudi na ukali wake wote. Mkono haukurudi. Daktari alituambia tusimwache akae tu. Afanye kazi ndogondogo, aufundishe mkono upya, huenda ukapona. Alisema huenda. Baba alisikia utapona.

Kwa miezi alikaa ndani ameshika tama. Mtu ambaye alikuwa hawezi kupita pembeni ya kitasa kilicholegea bila kukigusa, sasa mlango wetu ukipiga kelele anageukia ukutani. Nilikuwa naogopa kumwacha peke yake. Sikuogopa kuwa ataugua tena. Niliogopa kuwa ameamua kumaliza. Hakuna aliyelisema neno hilo nyumbani, lakini Mama alianza kuificha mikanda na dawa za panya, nami nilielewa.

Ndipo siku moja akatoka. Alichukua kipande cha mpira mvunguni mwangu, akavuka barabara, akafunga dumu la mchicha lililokuwa limeinama. Alitumia mkono wa kushoto na meno, ule wa kulia ukigandamiza tu. Alirudi anatembea haraka, anacheka. Anacheka! Akamwambia Mama, "Nimeshafunga. Mkono umeanza kazi."

Mama alitoka kwenda kuangalia. Fundo lilikuwa limekwisha kuachia, dumu linaning'inia kwa upande mmoja. Mama aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akalifunga yeye mwenyewe. Zamani Mama alikuwa akifunga marobota ya mitumba. Anazungusha mara mbili, anapitisha ncha chini, anaikandamiza kwa kidole gumba. Fundo lake huwezi kulifungua bila kisu. Aliporudi ndani akamwambia Baba, "Limekaa vizuri, baba watoto."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa yote.

Siku ya pili Baba akafunga vitu vitatu. Ya tatu akaanza kuzunguka mtaa kama zamani, akiuliza nani ana kilichovunjika. Mama hakuweza kuzunguka nyuma yake kutwa nzima, kwa hiyo akaniingiza na mimi. Niligoma. "Mama, huku ni kumdanganya mtu mzima."

"Umemwona anavyokula siku hizi?"

"Nimemwona."

"Basi chukua mpira, acha maneno."

Nikachukua mpira. Kazi yangu ni kusuka, vidole vyangu havijui kitu kingine. Kila nilipopita nyuma ya Baba nilikuwa nasuka mpira mafundo matatu matatu, kama nywele. Ulishika vizuri sana, nisiseme uongo.

Wa tatu kuingia alikuwa fundi viatu wa pale kona, ambaye tunamwita Meya kwa sababu hakuna jambo la mtaa linalopita bila yeye kulitolea tamko. Baba alimkazia mguu wa meza yake. Baba alipogeuka tu, meza ikapiga magoti, kiatu cha mteja kikaangukia gundi. Meya alichukua sindano yake ndefu na uzi wa nta, akaishona ile mipira papo hapo, kisha akaja barazani kwangu kunong'ona, na kunong'ona kwa Meya husikika hadi bombani: "Dada, nimeona, nimenyamaza. Huku kona niachieni mimi."

Tukawa na utaratibu, ingawa hakuna aliyekaa kuupanga. Baba anatangulia, mtu mmoja anapita nyuma. Mama upande wa bustani, mimi barazani na jirani, Meya huko chini. Na wengine nao wakaanza kimyakimya bila kuambiana. Bustanini ndiko tulikovurugana. Baba alipanda miche ya nyanya kwenye sinki, mkono ukaielemea, ikavunjika shingo yote. Mama akanunua miche mingine ya nyanya akaipanda alfajiri. Meya naye, bila kujua, akapita baadaye akaona miche imelala kwa jua, akadhani imekufa, akaing'oa akaweka yake. Sasa Meya anajua ngozi na soli, mche wa nyanya ameujulia wapi? Miezi ilipopita sinki likazaa bilinganya. Baba alisimama mbele ya lile bilinganya la zambarau kwa muda mrefu, mimi roho mkononi. Mwishowe akatikisa kichwa. "Mbegu za siku hizi hazina adabu," akasema, akaendelea kumwagilia.

Tulicheka sana usiku ule, mimi na Mama, tumejifunika shuka vichwani asitusikie. Nakiri nilifurahi. Baba alikuwa amenenepa, anatukana watu kwa mapenzi kama zamani. Wapita njia walimpigia kelele, "Fundi umepona!" naye anainua mkono wa kushoto. Mtaa mzima ulikuwa umevaa miwani ya mbao, na tulijiona watu wema sana.

Kisha akahamia mwalimu wa chekechea. Alipanga nyumba ya pili kutoka kwetu, akafungua darasa la watoto wadogo; binti yangu mimi, ambaye kwa sababu ya mdomo wake tunamwita Redio, akawa mwanafunzi wa kwanza. Mlango wa darasa unatazama jua la mchana, vumbi la barabara linaingia lote. Mwalimu hakuwa na habari ya ugonjwa wa Baba, achilia mbali habari ya kupita nyuma. Alichokiona ni bustani ukutani na mzee anayesifiwa na kila mtu. Akaja nyumbani, akasalimia vizuri, akasema, "Mzee, naomba unitengenezee kivuli mlangoni. Cha mimea kama ile yako."

Baba alikaa wima. Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemwomba kazi mpya. Tulikuwa tunampa viraka tu.

Alifikiria siku kadhaa. Alipata fremu ya kitanda cha chuma, ile yenye nyavu za waya, akaamua ilale juu ya mlango kama paa dogo. Nyuma itakaa kwenye vyuma vilivyotokeza ukutani, mbele itaning'inia kwa mpira kutoka nondo za dirisha la juu. Juu yake madumu ya udongo, na maharage yatambae kwenye waya mpaka yafunike. Ilikuwa kazi nzuri. Hata mimi ninayelalamika kila siku, alipokuwa akiichora chini kwa kijiti nilisimama nikasahau kichwa cha mteja nusu nimekisuka.

Siku ya kutundika wanaume waliinua fremu, Baba akapanda kwenye meza. Meya akanyoosha mkono kusaidia kufunga. Baba akamkata jicho. "Hii naifunga mimi."

Akaifunga yeye. Ilimchukua muda mrefu, jasho linamtoka, mpira mdomoni, mkono wa kulia umebanwa kati ya chuma na kifua. Mwalimu na watoto walisimama nje wakapiga makofi. Redio alipiga kelele kuliko wote, "Babu yangu huyo!" Baba alishuka, akasimama pale chini akitazama juu, na uso wake ulikuwa uso wa yule baba aliyenipeleka shule siku ya kwanza. Nilimpenda mpaka nikaumia.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Mama alijua kwamba mimi nitapita nyuma, kwa sababu ni darasa la mwanangu. Mimi nilijua kwamba Meya atapita, kwa sababu yeye ndiye mwenye ngazi. Meya alijua kwamba Mama atapita, kwa sababu Mama hajawahi kuacha fundo hata moja. Kila mtu alilala usingizi mzuri. Wengine wote mtaani nao walijua kwamba sisi watatu tupo.

Madumu yakamwagiliwa, udongo ukanywa maji, maharage yakachipua. Siku hiyo nilikuwa namsuka mama mmoja mwenye nywele ngumu na maneno mengi, nikasikia mshindo, kisha kimya, kisha watoto wakaanza kulia wote kwa pamoja. Sikumbuki nilivyofika. Fremu ilikuwa imeachia upande wa mbele, imelala kwenye kizingiti, madumu yamepasuka, udongo umejaa mlangoni hadi ndani. Watoto walikuwa chumba cha nyuma wanakunywa uji. Hakuna aliyeguswa. Nilimkamata Redio nikampapasa kichwa, shingo, mikono, miguu, naye ananisukuma, "Mama, uji wangu!"

Nilipogeuka nikamwona Baba. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, gari linampigia honi, hasikii. Alisogea akaokota kipande cha mpira kilichokuwa kinaning'inia kwenye nondo. Akakitazama. Hakikuwa kimekatika. Kilikuwa kimejifungua chenyewe.

"Mpira wangu haujawahi kuachia," alisema. Mama alikuwa amefika, na Meya, na tulitazamana sisi watatu, na hapo ndipo tulipoelewa kwamba hakuna aliyepita.

Asubuhi alitoka na kisu. Nikamkimbilia. "Baba, unakwenda wapi?"

"Kufungua."

"Kufungua nini?"

"Kila nilichofunga tangu nitoke hospitali. Hiki kimeanguka mlangoni kwa watoto. Kingine kitamwangukia nani?"

Nikamfuata. Alianza na lile dumu la kwanza la mchicha. Akashika fundo kwa vidole vya kushoto, akavuta, halikutikisika. Akainama karibu. Alilizungusha, akalitazama chini, akaligusa pale lilipokandamizwa kwa kidole gumba. Baba ameishi na mafundo ya Mama miaka yote ya ndoa yao.

"Mama yako," akasema.

Akaenda dumu la pili. "Mama yako." La tatu, lililosukwa. Hakunitazama. "Wewe." Akaenda kwenye toroli. "Wewe." Kwenye mlango wa jirani, "Wewe tena." Alipofika kona Meya aliinuka kwenye kigoda chake, akavua kofia kama mtu aliyefiwa. Baba akapiga goti mbele ya mguu wa meza, akaona nta, akaona mishono iliyopangana. "Meya," akasema, si kwa kumwita. Akainuka akaendelea. Kulikuwa na ngazi ya duka iliyofungwa kwa waya wa umeme, rangi ya njano, kazi nadhifu.

"Na hii ya nani?"

"Sijui, Baba."

"Hujui?"

"Kweli sijui. Labda mpita njia."

"Hata wapita njia," akasema Baba.

Hakuacha kimoja. Alizunguka mtaa wote, na watu walikuwa wamesimama milangoni wanatazama miguu yao. Alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa tairi la vitunguu, kisu mapajani. Niliogopa atalia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kwa hiyo tangu niugue nimefunga kitu kimoja tu," akasema. "Na hicho ndicho kilichoanguka."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilisema, "Baba, tulikuwa tunataka..." akainua kiganja.

Alirudi ndani akalala, uso ukutani. Chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Mama alikaa kitandani upande wa miguu yake, na nikiwa nje nilimsikia akisema, "Mimi ndiye niliyeanza. Ulirudi siku ile unacheka, baba watoto. Ningekwambia nini mimi? Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu lini?" Mama akasema tena, "Ningekwambia nini?" Kisha akatoka, akachukua mikanda yote aliyokwisha kuirudisha, akaificha upya.

Meya alikuja, akaambiwa mzee amelala. Mwalimu alikuja, masikini, anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, akasema bora amtafute mtu apigilie bati tu pale mlangoni. Nilimwambia asubiri. Sikujua anasubiri nini.

Siku ya tatu uvumilivu wangu ukafika ukingoni. Mimi si mpole, sijawahi kuwa, na hasira yangu ina tabia ya kuja pamoja na machozi. Niliingia chumbani nikavuta pazia.

"Baba, amka."

"Niache."

"Siachi. Umetukasirikia, tutukane. Tupige na kiatu. Lakini usitulalie hivi, unamuua Mama."

Aligeuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akautoa mkono wa kulia chini ya shuka, akauweka kati yetu. "Wewe vidole ndiyo kazi yako," akasema. "Niambie huu unafanya nini. Sitaki maneno ya daktari, wala ya mama yako. Nataka kweli."

Ningeweza kusema utapona. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, tamu, imezoea njia. Nikaimeza. Nilikwenda mvunguni mwa kitanda changu nikaleta mpira, nikamwekea ncha kati ya kidole gumba na cha shahada. "Shika." Akashika. Nikavuta polepole, akashika. Nikavuta kwa nguvu, ukachomoka. Nikamwambia azungushe. Vidole vilitetemeka, havikuzunguka. Tulifanya hivyo mara nyingi, kila kidole, kila upande, bila haraka, kama ninavyopima nywele za mteja kabla ya kuanza.

"Unashika," nikamwambia. "Haukazi. Haufungi. Na sidhani utafunga tena, Baba."

Nililia nikisema, lakini nilisema. Machozi yake yalitoka upande mmoja zaidi ya mwingine, ule upande uliopona vizuri.

"Unashika," akasema.

"Ndiyo. Unashika vizuri tu."

"Mwaka mzima, mtaa mzima, na hakuna mwenye mdomo wa kuniambia hivyo." Akajifuta kwa shuka. "Na lile bilinganya?"

"Meya."

"Mjinga yule. Nilijua mbegu haina kosa." Akateremsha miguu sakafuni. "Lete shati."

Tulikwenda kwa mwalimu mchana uleule. Baba alimwambia habari yote, kwamba ana kiharusi, kwamba mkono haufungi, kwamba fremu aliifunga yeye na ilianguka kwa sababu hiyo. Aliyasema mlangoni, kwa sauti, wazazi waliokuja kuchukua watoto wakisikia. Mwalimu alikuwa na haki ya kutufukuza. Alimtazama, akauliza, "Na sasa ataifunga nani?"

"Hawa," akasema Baba, akituonyesha kwa kidevu. "Mimi nitasimamia."

Tukaifunga siku iliyofuata, mtaa mzima umetoka. Sijawahi kuteswa vile. Meya juu ya ngazi na sindano yake, Mama juu ya meza, mimi dirishani nasuka mpira wa lori mpaka kucha zinauma, na Baba chini ameshika ncha ya kila mpira kwa mkono wa kulia, anatupigia kelele. "Robota hilo, si paa! Fungua." Mama alifungua mara tatu, na mara ya tatu alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Baba alicheka. "Wewe Meya, unashona viatu vya harusi? Kaza!" Mpira ulipomchomoka aliuokota, akashika tena, mbele ya watu wote, bila kujificha. Kila fundo alitufungulisha, akatufungisha, akatuning'iniza wawili wawili kupima. Nilipomwambia limekaa akasema, "Mimi sikusikii. Ning'inia."

Tulipomaliza, madumu yakapandishwa. Wazazi walikuwa ng'ambo ya barabara, wamewashika watoto wao. Siwalaumu. Walikuwa wameuona udongo ule kwenye kizingiti. Mwalimu alifungua mlango akasimama ndani, akasema, "Karibuni," na hakuna aliyesogea. Mimi mwenyewe mkono wangu ulikuwa begani mwa Redio, na ulikuwa umekaza.

Baba aliona. Alitutazama, akamtazama Redio, akaingia darasani akatoka na kiti kimoja cha watoto, kile kidogo cha plastiki. Akakiweka katikati ya mlango, chini ya fremu kabisa, akajishusha taratibu akakaa, magoti yamefika kifuani. Akainua uso kuelekea yale madumu, kisha akawatazama wazazi.

"Hapo juu hakuna fundo langu hata moja," akasema, na sauti yake ilifika hadi ukutani kwa ghala. "Mimi nilishika tu. Kwa hiyo msiogope."

Nilimshika mwanangu mkono, nikapita naye.